Mkate Uliokwenda Msibani

Wewe unayenisikiliza, najua una mpango. Wanaokuja kuniuliza habari za biashara ya mikate karibu wote wana mpango tayari, na swali lao la kwanza huwa moja: nianze na mtaji kiasi gani? Huwa nawaambia wakae kwanza. Swali la mtaji lina jibu fupi, na kila mtu ana lake. Swali ambalo mimi sikuulizwa na mtu, na ambalo nusura linirudishe Ruangwa na mabeseni yangu kichwani, ni jingine: hapo unapotaka kuanzia, pana nini cha kukushika mkono? Nitakueleza taratibu, maana na mimi nilielewa taratibu.

Nilikuwa naishi Ruangwa mjini, kwenye chumba cha uani kwa dada yangu. Ndoa yangu ilikuwa imekwisha, na dada alinifungulia kile chumba bila kuniuliza maswali. Nilikaa humo miaka sita. Dada yangu ni mtu mwema, na mtu mwema ndiye anayekupa shida zaidi kumtegemea, kwa sababu hakupi hata sababu ya kugombana. Kila asubuhi nilifagia uwanja wake kabla hajaamka, nikachota maji yake, nikacheka na watoto wake. Jioni nikijifungia naona kitanda, sanduku, na ukuta wa mtu mwingine. Nilitaka mlango ambao nikiufunga, umefungwa na mimi. Hilo ndilo lilikuwa jambo langu. Mikate ilikuwa njia tu.

Kuoka nilijifunza nikiwa msichana, jikoni kwa masista wa misheni, nilikokuwa naosha vyombo. Sista mmoja mpishi aliniona naangalia mikono yake akikanda, akanipa donge langu dogo nikande. Sikuwahi kusahau. Lakini Ruangwa tayari kulikuwa na waokaji wenye majiko ya umeme, na mikate yao ilikuwa mizuri, sina cha kusema. Nachingwea nilikwenda kumsalimia shangazi mgonjwa, nikakuta mtaa mzima unakula mkate uliokuja na basi, umeshakauka, ukiubonyeza haurudi. Nikarudi kwa dada nikamwambia, "Nimepata mahali."

Akaniuliza, "Unamjua nani huko?"

"Shangazi."

"Shangazi anaumwa. Mwingine?"

Nikacheka. Sikuelewa kwamba lile ndilo lilikuwa swali. Nikabeba sanduku langu, nikahamia Nachingwea.

Sasa ngoja nikuambie mambo yaliyonisaidia, maana yalikuwa mengi na sitaki uone kama nilianguka kwenye mchanga mtupu. Kwanza dada mwenyewe. Alizungumza na wenzake wa kikoba wakanikopesha, na kila basi la Ruangwa likija alinipakilia kifuko cha ufuta mweupe uliopepetwa vizuri. Ufuta ule niliunyunyizia juu ya mkate kabla ya kuuingiza jikoni, na ndio uliofanya watu waujue mkate wangu kwa macho. Jiko alinijengea fundi mmoja wa matofali. Alikataa katakata kutumia saruji. Alichukua udongo wa kichuguu, akaukanda na maji na majivu siku mbili, akasema, "Saruji itapasuka mwezi wa kwanza, halafu utanitukana. Kichuguu kimezoea joto." Alikuwa sahihi. Jiko lile linafanya kazi mpaka leo. Kuni nilipata kwa wenye mashamba ya mikorosho wakati wa kupogoa. Matawi waliyokuwa wanayachoma bure walinipa niyaondoe.

Halafu bwana afya. Huyu nataka umkumbuke hata ukisahau mengine. Alikuja wiki ya pili, akasimama mlangoni, akatazama dirisha langu lisilo na wavu na kichwa changu kisicho na kitambaa. Sheria ilimruhusu kufunga pale pale. Badala yake akaomba kigoda, akachukua kalamu, akanichorea kwenye kipande cha boksi la hamira: wavu hapa, meza iwe ya kufutika hapa, pipa la taka nje na lenye mfuniko, na uende hospitali ukapime afya. Akasema, "Mama, nitarudi baada ya wiki mbili. Nikikuta umefanya, tutanunua mkate. Nikikuta hujafanya, tutazungumza lugha nyingine." Akarudi, akanunua. Afisa anayekuonyesha njia kabla ya kukuhukumu ni sawa na kuongezewa mtaji. Ukienda mahali, chunguza kama yupo.

Na alikuwepo muuza vitumbua. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kufika kituo cha bodaboda bila simu. Alikaanga mbele ya nyumba yake, hatua chache kutoka kwangu, na watu wa chai ya asubuhi walikuwa wake kabla sijaja. Siku niliyofungua alivuka barabara, akachukua mkate mmoja mezani kwangu, akaumega, akautia mdomoni, akatafuna huku ananitazama.

"Kabila gani wewe?"

"Mmwera. Wa Ruangwa."

"Alaa!" Akapiga makofi mara moja. "Mimi Myao. Basi huu silipi."

Akaondoka nao. Wateja wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu kwetu jambo hilo halihitaji kuelezwa. Wewe wa mbali nikueleze: babu zetu waliwekeana utani. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele za watu, kuchukua kitu chako, kukuambia ukweli ambao ndugu yako angeuficha, na wewe huruhusiwi kununa. Zamu yako ikija nawe unafanya hivyo hivyo. Kesho yake asubuhi nilivuka, nikala vitumbua viwili vya moto, nikamwambia, "Vina chumvi kama machozi ya Myao aliyenyimwa ngoma." Akaniwekea cha tatu. Tangu siku hiyo tulielewana. Mteja aliyetaka kitu laini alimwelekeza kwangu, na aliyetaka kitu cha mafuta nilimpeleka kwake.

Upande wa pili wa ua wangu wa mabua aliishi jirani, mwanamke wa umri wangu, na mama yake mzazi. Mama alikuwa mzee wa kukaa barazani tu. Meno yalikuwa yamebaki machache, kwa hiyo nilikuwa nampelekea mkate ukiwa bado wa moto, naupitishia juu ya ua. Jirani aliupokea kwa mikono miwili na kusema asante yake ya taratibu. Hakuwa msemaji. Lakini ndiye aliyenifundisha kwamba miezi ya mvua nioke mikate midogo, kwa sababu mtaa huu unakuwa na fedha korosho zikiuzwa, na tena ufuta ukiuzwa, na katikati ya hapo watu wanajibana bila kusema. "Ukioka mikubwa wataona aibu kuomba nusu," aliniambia. Hakuna semina iliyowahi kunifundisha hilo.

Semina nazo nilikwenda. Mwezi wa nne tuliitwa akina mama wajasiriamali, tukakaa siku moja nzima ukumbini. Mwezeshaji alikuwa kijana mzuri, msafi, anasema polepole. Alirudia maneno mawili mpaka nikayaandika kwa herufi kubwa: mazingira wezeshi. Akasema maana yake ni barabara, umeme, mikopo, masoko, sheria. Nikawa naweka alama kwenye daftari kila akitaja: barabara ipo, kikoba kipo, bwana afya yupo. Nikaona mimi nimekamilika. Mwishoni akasema jambo jingine ambalo lilikaa kichwani kwangu kuliko yote: mteja wako asikukose hata siku moja, ukifunga bila taarifa, umemfukuza. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Alisema kweli. Ila hakuwa anajua mtaa wangu.

Mwezi wa tano, ufuta umeanza kukatwa, nilipata oda yangu ya kwanza kubwa: skonzi za mkutano wa siku mbili, chai ya saa nne. Yule bwana afya ndiye aliyenitaja kwa waandaaji. Nilikanda jioni, nikafunika mabeseni kwa vitambaa, nikalala na furaha ya mtoto wa sikukuu. Alfajiri, nimeshawasha jiko na kuni zimeshika vizuri, nikasikia kilio upande wa pili wa ua. Kilikuwa kirefu, kimoja, halafu vingi.

Mama amefariki.

Nataka unisikilize vizuri hapa, kwa sababu sikuwa mgeni wa mila. Mimi nimezaliwa huku huku. Ninajua msiba ukitokea jirani, jiko lako unalizima, unafunga kanga mbili, unakwenda kukaa mkekani. Huulizwi umeleta nini. Unakaa. Ukiweza kulia unalia, usipoweza unainamisha kichwa, na baadaye unakwenda uani kusaidia kuosha masufuria. Najua hayo tangu utotoni. Lakini nilitazama yale mabeseni. Unga ulikuwa umeshaumuka mpaka umeinua vitambaa. Ukiuacha saa mbili zaidi unachachuka, umekwisha. Nikasikia sauti ya semina: mteja asikukose. Nikaona chumba cha uani kwa dada. Nikajiambia: nitaoka haraka, na nitawapelekea mikate mingi, bora kuliko mtu yeyote atakayekuja mikono mitupu.

Nikaoka. Asubuhi nzima bomba langu lilitoa moshi. Mikate kumi niliifunga kwenye magazeti, nikaiweka kwenye kapu, nikampa mama mmoja aliyekuwa anapita kwenda msibani. Nikamwambia, "Wape pole, waambie nakuja." Nikapakia skonzi kwenye bajaji, nikazifikisha kwa wakati, wakazisifu. Niliporudi walikuwa wameshazika. Nilikuwa nimechoka, nguo zimejaa unga, nikaona aibu kuingia hivyo. Nikasema kesho. Kesho ilikuwa siku ya pili ya mkutano. Siku ya tatu nilikwenda, nikakaa robo saa, nikampa jirani mkono. Aliupokea. Hakunitazama.

Baada ya hapo mikate ikaanza kubaki.

Kwanza ilibaki mitano, nikasema ni hali ya hewa. Halafu nusu ya meza. Mama ntilie aliyekuwa anachukua ya chai kila siku aliniambia kwa adabu kwamba wateja wake siku hizi wanapenda mihogo. Wapita njia walinisalimia kama kawaida, "Za asubuhi, dada," tena kwa tabasamu, na wakapita. Mambo ya huku kwetu yako hivyo. Mtu asiye mtani wako hakwambii umekosa. Anakuheshimu mno. Atakusalimia mpaka ufunge duka.

Na mimi, mwalimu wako ninayejidai kueleza leo, unajua nilifanya nini? Nilibadilisha hamira. Niliona hamira ya zamani imeharibika. Nikaongeza sukari. Nikaagiza unga wa kampuni nyingine. Nikampigia dada simu nikamwambia ufuta wa safari hii una vumbi, naye akaupepeta mara mbili, maskini. Wiki tatu nilitafuta kosa ndani ya beseni.

Mwishoni mwa wiki ya tatu nilimpigia tena.

"Dada, kile chumba umeshampa mtu?"

"Chumba ni chako. Lakini niambie kwanza, umeumwa?"

"Siumwi. Watu hawataki mkate."

"Wote? Kwa pamoja?"

"Ndiyo. Wote."

"Watu wote hawawezi kuchoka mkate kwa pamoja, mdogo wangu. Hilo si jambo la mkate."

Alitaka kuja. Nikamwambia asubiri Jumamosi, nimalizie unga uliobaki, kisha aje na mtu wa gari dogo tubebe vitu. Nilipokata simu nililitazama jiko la kichuguu. Vitu vingine vingebebeka. Lile lisingebebeka.

Muuza vitumbua hakuwepo muda wote huo. Siku moja kabla ya msiba alikuwa amekwenda Marambo kwenye shamba lake la ufuta, na mtu mwenye ufuta mwezi wa tano harudi mpaka amekata, amefunga na amesimamisha matita yakauke. Alirudi Alhamisi. Ijumaa asubuhi, nikiwa natoa mikate michache ya mwisho, nikasikia sauti yake kabla sijamwona.

"Hodi hapa kwa Mmwera asiye na machozi!"

Alikuwa na wanawake wawili nyuma yake, nao Wayao. Nikajaribu kucheka. "Karibu, Myao. Umenenepa huko shambani, umekula mbegu?"

"Sikaribii. Nimekuja kukamata."

Akaingia, akachukua ubao wangu wenye mpini mrefu, ule ninaotumia kuingiza na kutoa mikate. Bila ubao ule jiko ni shimo tu la moto. Mikate minne ilikuwa bado ndani.

"Mtani, itaungua!"

"Iungue. Mbona unaionea huruma? Hao ndio ndugu zako." Akauweka ubao begani kama bunduki, akatoka barabarani. "Jamani tokeni mwone! Huyu Mmwera alifiwa na jirani, akatuma mkate msibani! Mkate ukafika, ukavua viatu, ukakaa mkekani, ukapewa pole! Lakini kulia haukulia!"

Watu wakatoka. Vijana wa bodaboda wakageuka kwenye pikipiki zao. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, sasa huo mkate ulivaa kanga?"

"Ulivaa gazeti! Tena la wiki iliyopita!"

Kicheko kililipuka. Na mimi nilikuwa namfuata, unga mikononi, kitambaa kimelegea kichwani, sijui kama nilie au nicheke. Ndipo nikaelewa. Wiki tatu za hamira na sukari, na jibu lilikuwa upande wa pili wa ua. Nilisikia joto linanipanda usoni kama nimeinamia jiko.

Muuza vitumbua akawageukia wanaocheka. "Na ninyi mnaonyesha meno! Wiki tatu mnampitia hapa, za asubuhi, za asubuhi, na hamkumwambia. Mlimwona anabadilisha unga, mkanyamaza. Mbuzi akiingia shambani mnamfukuza kwa kelele, mtu akikosea mnamsalimia. Hebu ondokeni hapo!" Wengine wakaangalia chini. Mama ntilie alikuwa mmoja wao.

Akapinda kwenye ua wa jirani, nikaingia nyuma yake. Jirani alikuwa barazani anachambua mbaazi. Muuza vitumbua alimlazia ule ubao miguuni, na sauti yake ikabadilika ghafla, ikawa ndogo.

"Mfiwa, nimekuletea mhalifu na silaha yake. Mimi kazi yangu imekwisha." Akaondoka na wenzake. Hakugeuka hata mara moja.

Tukabaki wawili. Nilikaa chini, si kwenye kiti. Nilitaka kueleza kuhusu oda, unga ulioumuka, semina. Kila neno nililolipanga lilionekana la mtu anayejitetea. Nikasema tu, "Nisamehe. Nilitakiwa kuja mwenyewe."

Aliendelea kuchambua mbaazi. Baadaye akasema, "Unajua ni nini kilichoniuma?"

"Kwamba sikuja."

"Hapana. Wengi hawakuja siku ile, walikuwa mashambani." Akatupa punje mbovu pembeni. "Ilikuwa ile harufu. Tangu mama azidiwe sikuwa nimekula, siku mbili. Asubuhi ile amelala ndani, wanamwosha, na harufu ya mkate wako ikaingia mpaka chumbani. Nikasikia njaa. Mama yangu amekufa, na mimi mate yananijaa mdomoni. Nikaona aibu, nikaona kama nimemsaliti. Nikakuchukia wewe, kwa sababu kujichukia mwenyewe nilikuwa sina nguvu."

Nikachukua ungo mwingine uliokuwa pale, nikaanza kuchambua naye.

"Na yeye alikuwa anakusubiri kila asubuhi," akasema. "Akisikia unafungua mlango wa jiko, ananiambia, kaa uani, usimchoshe mtoto wa watu kusimama."

Hapo ndipo nililia. Nililia kilio nilichopaswa kulia wiki tatu nyuma, na yeye akalia pia, ungo mapajani, mbaazi zikamwagika, kuku wakaja, tukawafukuza huku tunalia, na mwisho tukajikuta tunacheka kwa sababu ya wale kuku. Mtu akituona angesema tumechanganyikiwa.

Nilipoinuka alinirudishia ubao. "Arobaini ni Jumapili, baada ya wiki mbili," akasema. "Usilete mkate."

"Nilete nini?"

"Njoo."

Jumamosi dada alifika na mtu wa gari. Alinikuta nimekaa mlangoni, sijafunga hata beseni moja. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamwambia mwenye gari apakie mkaa basi, asirudi mtupu. Kisha akavuka ua, akaenda kumpa jirani pole, yeye mwenyewe, mtu wa Ruangwa asiyemjua. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akanisaidia kuosha mabeseni.

Siku ya arobaini nilifika kabla jua halijachomoza, mikono mitupu. Nilipasua kuni, nilimenya vitunguu mpaka nikawa sioni, niliosha masufuria makubwa kwa mchanga na majivu na wanawake ambao nilikuwa nawauzia bila kujua wanaishi nyumba gani. Muuza vitumbua kazi yake ilikuwa kunitania. "Haya, mkate, sugua hapo! Mkate, leta maji!" Jina lilinishika, na mpaka leo wapo wanaoniita hivyo. Wakati wa kisomo tulinyamaza, na nilisikia dua ikisomwa kwa ajili ya yule mama. Nikainamisha kichwa. Jiko langu lilikuwa baridi siku nzima, na nilikuwa nimebandika karatasi mlangoni tangu juzi yake: Jumapili hatuoki, tupo kwenye arobaini ya jirani. Hakuna mteja aliyelalamika. Wateja wote walikuwa pale.

Nisikudanganye kwamba kesho yake kulikuwa na foleni. Kesho yake mama ntilie alikuja, akachukua mikate yake bila kutaja mihogo. Wakaja wengine wawili watatu. Wiki iliyofuata meza iliisha saa tatu. Jirani alichukua muda zaidi. Siku moja nikasikia sauti juu ya ua, "Leo upo?" Nikampitishia mkate wa moto, akaupokea kwa mikono miwili, na tukasimama hivyo kidogo, ua katikati yetu, moshi unapita.

Na wala usiondoke ukidhani nasema majirani wanatosha. Kama bwana afya angefunga mlango wangu wiki ile ya pili, machozi ya mtaa mzima yasingenifungulia. Kama kikoba cha dada kisingeniamini, kama fundi angetumia saruji, kama basi lisingepita na ufuta, nisingefika hata kwenye kosa langu. Vitu hivyo vinahitajika, na mahali visipokuwepo watu wenye akili na bidii huanguka bila kosa lolote. Lakini vyote hivyo vilikuwepo, na mkate ulibaki. Kilichokosekana ni mimi kuwa mtu wa pale. Nilikuwa nauza pale tu. Tena nilibahatika kwamba pale palikuwa na mtu mwenye ruhusa ya kunipigia kelele. Mtaa ambao hakuna anayeweza kukuambia umekosa ni mtaa mgumu kwa biashara mpya, hata ukiwa na lami na taa.

Kwenye kile chumba cha uani kwa dada sasa analala mwanawe mkubwa. Mlango wangu naufunga mwenyewe jioni. Na semina wakiniita, huwa nakwenda, na kijana yule akiuliza mazingira wezeshi ni nini nanyanyua mkono.

Sasa nenda. Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa unga, zungukia nyumba saba zilizo karibu na hapo unapotaka kufungua. Usibebe kitu cha kuuza. Piga hodi, jitambulishe, kaa chini, uliza nani mgonjwa na nani amefiwa, na usiinuke mpaka umejibiwa.